Jeopardy!: majibu unayajua, mbona unashindwa?

"Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, muuguzi, naishi Minneapolis na familia yangu. Tangu nifike Marekani natazama Jeopardy!, kile kipindi cha chemsha bongo cha televisheni, karibu kila jioni, na mengi niyajuayo ya nchi hii nimeyaokota humo. Nilifanya jaribio lao la mtandaoni, nikaitwa la pili, kisha usaili wa Zoom, na sasa niko kwenye orodha ya wanaoweza kuitwa studio. Nimekariri marais wote, majimbo yote na miji mikuu yake. Lakini Jumamosi tunapocheza na marafiki kwa vitufe tulivyonunua, nashindwa. Nabonyeza mapema kuliko wote na kitufe changu hakiitiki. Wiki iliyopita nilifika raundi ya mwisho na 13,000, mwenzangu mmoja ana 18,000 na mwingine 6,000. Mada ilikuwa tiba, fani yangu, nikaweka zote. Nikakosa, nikabaki na sifuri. Kinara naye akakosa, akashuka hadi 9,999, na yule wa 6,000 akashinda kwa 10,500. Niliumia sana. Nisome zaidi, au nina kidole kizito? Lafudhi yangu itaniponza? Na mume wangu anauliza: kuweka dau kule si kamari?"

Marahaba, dada yangu, na hongera. Kuingia kwenye orodha hiyo si jambo la kubeza. Wengi hujaribu mtandaoni na hawasikii tena chochote. Ujuzi wako umekwisha kupimwa mara mbili na watu ambao kupima ndiyo kazi yao, wakauona unatosha. Kwa hiyo swali la kusoma zaidi wao wamekujibia. Vinavyokuangusha Jumamosi ni vitu viwili ambavyo hakuna kitabu cha marais kitakachokufundisha: muda wa kubonyeza, na hesabu ya dau la mwisho, lile unaloweka kutoka kwenye alama zako kabla ya kuliona dokezo moja la raundi ya mwisho. Kidole chako ni kizima kabisa.

Tuanze na kitufe. Ukiwa kwenye kochi unaona washiriki watatu, taa ya mmoja inawaka, unadhani huyo ndiye mwepesi kuliko wenzake. Mtambo haufanyi kazi hivyo. Wakati mwendesha kipindi anasoma dokezo, yaani swali lenyewe lililoandikwa kama maelezo ubaoni, vitufe vyote vitatu vimefungwa. Akimaliza silabi ya mwisho, mfanyakazi aliyeketi nje ya upeo wa kamera huvifungua kwa mkono wake, na papo hapo taa zinawaka kandokando ya ubao. Wewe wa nyumbani taa hizo huzioni. Atakayebonyeza kabla havijafunguliwa, kitufe chake kinafungiwa kwa robo ya sekunde. Robo ya sekunde tunaiona si kitu, lakini pale ndiyo muda wote wa mashindano, maana wenzako wawili wanaojua jibu wanabonyeza ndani ya muda huohuo. Ndiyo maana kitufe chako "hakiitiki": uliwahi, ukafungiwa, na ulipofunguliwa mwenzako alikuwa tayari anaongea.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kipindi cha sasa kilipoanza Septemba 1984, akiongoza Alex Trebek, mshiriki aliruhusiwa kubonyeza wakati wowote baada ya dokezo kutokea. Watazamaji walikuwa hawajamaliza hata kusoma, mtu keshajibu. Mwaka 1985 ndipo utaratibu wa kufunga vitufe ulipoletwa, na tangu hapo mchezo ukaacha kuwa wa haraka, ukawa wa kulenga wakati.

Sasa ubonyeze lini hasa? Kuna shule mbili. Moja inasema ngoja taa. Ni salama, hutafungiwa, lakini jicho la binadamu likiona mwanga, kidole huchukua takriban robo ya sekunde kuitikia. Ukikutana na mtu wa shule ya pili atakutangulia. Shule ya pili inasikiliza sauti: unaujua mwendo wa msomaji, unajua sentensi inaishia wapi, na unabonyeza punde tu baada ya silabi ya mwisho bila kusubiri jicho likuthibitishie. Wewe jambo hili unalijua tayari. Imamu anapomaliza Alhamdu, msikiti mzima huitikia "amin" kwa pamoja, na hakuna aliyengoja aonyeshwe ishara. Kila mtu amebebwa na mahadhi ya sauti. Msikilize Ken Jennings hivyohivyo. Ndiye anayeongoza kipindi siku hizi, na ndiye aliyeshinda mechi 74 mfululizo mwaka 2004, kwa hiyo anakijua kitufe hicho kuliko karibu mtu yeyote aliye hai.

Ushahidi mzuri wa shule ya sauti ulionekana Februari 2011, kompyuta ya IBM iitwayo Watson ilipocheza dhidi ya Jennings na bingwa mwingine, Brad Rutter. Watson haikusikia wala kuona. Ilipelekewa dokezo kama maandishi, ikapelekewa ishara ya umeme vitufe vilipofunguliwa, na ikawa na kifaa cha kubonyezea kitufe kama wenzake. Aliyengoja taa hakuwa na nafasi mbele yake. Njia pekee ya kuiwahi ilikuwa kukadiria sekunde ya kufunguliwa kabla haijafika, na hata mabingwa wawili wakubwa walifanikiwa mara chache tu. Ilishinda. Wewe hutakutana na mashine, lakini somo la mashine linakufaa.

Mimi ningekushauri sauti iwe msingi na taa iwe kinga. Yaani jizoeze kwa sauti. Ukifika studio ukaona unafungiwa mara kwa mara, rudi kwenye taa hadi utulie. Asubuhi ya kurekodi huwa mnapewa muda wa mazoezi kwa vitufe halisi, na humo ndimo utakapojua mwenye kufungua anafungua haraka au polepole. Usiutumie muda huo kuonyesha unajua mangapi. Tena ukianza kubonyeza, endelea kubonyeza mfululizo mpaka taa ya mtu iwake. Wengi hubonyeza mara moja wakasimama, kwa adabu sijui ya nani.

Nyumbani, simama. Usijizoeze umekaa, kwa sababu kule utasimama. Shika kalamu ya kubonyeza, tazama kipindi, na kila dokezo bonyeza sauti inapokatika, hata lile usilolijua, maana hapo unazoeza kidole peke yake. Jumamosi nako badilisheni jambo moja: mpeni mtu mmoja kazi ya kusoma na mwingine kazi ya kufungua vitufe, na huyu wa pili akae nyuma yenu. Kama seti yenu inaruhusu mtu kukatiza msomaji, basi inakufundisha vibaya. Seti nyingi zinazouzwa Marekani zimetengenezwa kwa ajili ya mashindano ya shule yaitwayo quiz bowl, ambako kukatiza ni ruhusa na hata ni sifa. Mazoea hayo ukiyapeleka Jeopardy! utafungiwa kutwa nzima.

Kabla ya kubonyeza kuna kusoma, na hapa sisi ambao Kiingereza tulikikuta shuleni tuna kazi ya ziada. Dokezo lote linatokea ubaoni kwa maandishi. Unatakiwa ulimalize kwa macho kabla msomaji hajafika katikati, uamue kama unalijua, kisha muda uliobaki uutumie kusikiliza sauti. Usilisome neno kwa neno. Karibu kila dokezo lina kipande kinachonyoosha kidole: mto huu, mwandishi huyu, nchi hii, ugonjwa huu. Jicho lako likitafute hicho kwanza, ujue unaulizwa mtu, mahali au kitu, halafu ndipo usome mapambo yaliyozunguka. Watu huchekesha wanapotaja jina la mfalme ilhali walichoulizwa ni mji wake.

Na usipojua, mkono chini. Jibu la kosa linakukata thamani ya dokezo. Ukibahatisha la $1,000 ukakosa, umeshuka 1,000, na papo hapo wenzako wamefunguliwa mlango walichukue wao huku wewe umeshawapunguzia jibu moja la kufikiria. Ukijiona uko nusu kwa nusu, kaa kimya, isipokuwa kama uko nyuma sana na mechi inakwisha.

Lafudhi isikunyime usingizi. Waamuzi wa kipindi hawahukumu lafudhi. Wanachoangalia ni kama umeongeza au umepunguza sauti katika jina. Hilo ndilo la kujihadhari nalo, kwa sababu tukizungumza Kiingereza kwa ulimi wa Kiswahili tunapenda kusukumia irabu mwishoni, na siku ya siku irabu hiyo inaweza kugeuza jina likawa jingine. Wamekuwa wakali hata kwa wenyeji. Januari 2018 mshiriki mmoja alitakiwa kuunganisha jina la wimbo wa mwanarapu Coolio, "Gangsta's Paradise", na la utenzi wa mshairi John Milton, "Paradise Lost". Akatamka neno la kwanza la wimbo kwa usanifu wa darasani, akasema "Gangster's" pale wimbo wenyewe unaposema "Gangsta's". Mwanzoni alikubaliwa, baadaye waamuzi wakageuza, na alama zake zikashuka 3,200 kwa mara moja. Katika raundi ya mwisho, ambako majibu huandikwa, tahajia haihesabiwi mradi ukisomwa inasikika sawa. Kuna mtoto alikataliwa jibu lake mwaka 2013 katika wiki ya watoto kwa sababu aliongeza "t" moja iliyoleta sauti ya ziada. Andika polepole.

Kuhusu sharti la Jeopardy! la kujibu kwa umbo la swali (mathalani "nini Kilimanjaro?"), usijitese kuchagua kati ya "nani" na "nini". Matt Amodio alishinda mechi 38 mwaka 2021 akitumia umbo la "nini" kwa kila kitu, watu na wanyama na milima, na hakuna kilichomkuta zaidi ya barua za watazamaji waliokereka. Chagua umbo moja lililo jepesi ulimini mwako, ulitumie mpaka likutoke bila kufikiri.

Sasa tuje kwenye jeraha lako la Jumamosi.

Kwanza elewa hivi: ile 13,000 haikuwa yako. Kwenye ubao inaonekana kama fedha, ina alama ya dola, lakini ni alama tu hadi mechi iishe. Anayechukua kiasi kilichoandikwa ni mshindi peke yake. Wa pili hupewa $3,000 na wa tatu $2,000, hata kama wa pili alikuwa na 30,000 kwenye kibao chake. Kwa hiyo swali la "nihifadhi kiasi gani?" halina maana pale, na la "nitapata kiasi gani nikijua?" halikutoshi. Swali ni moja: dau gani linanifanya nimalize nikiwa mbele katika hali nyingi iwezekanavyo?

Tulichukue hilo tuingie nalo kwenye mechi yenu. Kinara ana 18,000. Anajua kwamba wewe ukiweka zote ukapata, utafika 26,000. Ili asipitwe, anaweka 8,001, afike 26,001. Hilo ndilo dau la kawaida la kinara, na ndivyo alivyofanya mwenzako. Ndiyo maana alipokosa alibaki na 9,999. Sasa wewe unaweza kulijua dau lake kabla hajaliandika. Kuna hali nne tu. Mkipata nyote wawili, anakupita walau kwa alama moja, uweke zote au usiweke kitu. Akipata yeye ukakosa wewe, umeshindwa vilevile. Akikosa yeye ukapata wewe, unashinda kwa dau lolote. Mkikosa nyote, yeye yuko 9,999, na hapo ndipo dau lako linaposema: ukiwa umeweka zote una sifuri, ukiwa umeweka kidogo bado uko juu yake.

Yaani dau kubwa linakupa ushindi katika hali moja, na dogo linakupa hali mbili, bila kukunyima chochote katika zile nyingine. Tena hali ya kukosa wote si adimu hata kidogo. Dokezo ni hilohilo moja kwa wote. Likiwa gumu kiasi cha kukushinda wewe muuguzi kwenye mada ya tiba, ni dhahiri kwamba na wenzako linawasumbua.

Dogo kiasi gani? Hapo mtazame wa tatu. Ana 6,000, akiweka zote akapata anafika 12,000. Wewe ukitaka akikosa kinara usipitwe na yeyote, hakikisha hata ukikosa hushuki chini ya 12,001. Kwa hiyo dau lako la juu kabisa ni 999. Ungeweka 999, au hata ungeweka sifuri, ungeshinda Jumamosi ile bila kulijua jibu.

"Lakini nilikuwa na uhakika," utasema. Najua, na huo ndio mtego wa mada unayoipenda. Uhakika wako unabadilisha uwezekano wa wewe kupata, haubadilishi kwamba ushindi wako katika mechi ile ulitegemea kinara akose. Akikosa, hukuhitaji kupata.

Hesabu hii inafanya kazi kwa sababu ulikuwa zaidi ya theluthi mbili ya kinara. Theluthi mbili ya 18,000 ni 12,000, nawe ulikuwa na 13,000. Ungekuwa chini ya hapo mambo yangegeuka. Tuseme ulikuwa na 11,000. Kinara angeweka 4,001 tu ili afike 22,001, na akikosa angebaki na 13,999. Hapo kujificha hakukusaidii, lazima upate jibu, na lazima uweke si chini ya 3,000 ili ufike 14,000. Hapo ndipo penye kuamini tiba yako. Na kinara akiwa na zaidi ya mara mbili ya wa pili, mechi imekwisha kabla ya dokezo: mwenye 20,000 dhidi ya 9,000 anaweka chochote kisichozidi 1,999, anabaki juu ya 18,000, anakwenda nyumbani na ushindi.

Sitakuficha upande wa pili. Dau dogo linamtegemea kinara aweke lile dau lake la kawaida. Akiwa mjanja akakusoma, akajua utaweka kidogo, anaweza naye asiweke kitu, na hapo 18,000 yake inakupita ukiwa umejikunja na 13,999. Ni hatari ya kweli, ila kinara anayethubutu hivyo anajiweka wazi kwa wa pili atakayeweka zote na kupata, kwa hiyo wengi hawathubutu. Mechi yako ya kwanza dhidi ya wageni, chukulia kinara ataweka lile dau la kawaida, isipokuwa kama umemwona mechi nzima akiweka madau ya ajabu.

Mfano wa hadharani ni wa tarehe 3 Juni 2019. James Holzhauer, mcheza madau wa Las Vegas aliyekuwa ameshinda mechi 32 na zaidi ya dola milioni 2.4, aliingia raundi ya mwisho akiwa wa pili: yeye 23,400, Emma Boettcher 26,600, wa tatu 11,000. Mtu aliyezoea kuweka makumi ya maelfu akaweka 1,399. Mitandao ikalipuka: ameuza mechi, amechoka, anataka kwenda nyumbani. Fanya hesabu mwenyewe. Toa 1,399 kwenye 23,400, unapata 22,001, alama moja juu ya mara mbili ya wa tatu. Alikuwa akifanya kilekile ninachokuambia. Emma naye akaweka 20,201, ili akipata afike 46,801, alama moja juu ya mara mbili ya James. Wote wawili wakapata, Emma akashinda. James alicheza sawasawa akashindwa, na hilo nalo hutokea.

Madau mengine ni ya Daily Double, yale madokezo matatu yaliyofichwa ubaoni, moja raundi ya kwanza na mawili raundi ya pili, ambapo aliyelichagua anajibu peke yake na kuweka dau kabla ya kuliona. Hapa nakushauri kinyume: watu huweka kidogo mno. Hakuna kitufe, hakuna mshindani, una mada unayoiona. Kama kwa kawaida mada ile unaipata zaidi ya nusu ya mara, kila dola unayoongeza ina faida kwa wastani. Mwanzoni mwa raundi ya pili weka kwa ukarimu; ukikosa bado kuna madokezo ya kukurudisha. Mwishoni ukiwa mbele kwa mbali, weka kidogo ulinde uongozi wako. Na uyatafute. Huwa yamejificha safu za chini, zenye thamani kubwa, na ni nadra sana kuyakuta safu ya juu kabisa. Yale mawili ya raundi ya pili hayakai mada moja. Ndiyo maana Holzhauer alianzia chini ya ubao: kukusanya mtaji kwanza, kisha kulikuta dokezo la Daily Double akiwa na cha kuweka. Kushuka mada moja kutoka juu hadi chini kunapendeza machoni, lakini kunawaachia wengine dhahabu.

Kusoma, basi, kwa uchache. Marais na majimbo umemaliza. Pengo la mhamiaji haliko huko, liko katika utoto ambao hatukuupitia hapa: mashairi ya chekechea, matangazo ya zamani, besiboli, Biblia kwa tafsiri yao ya Kiingereza, Shakespeare wa sekondari. Nenda maktaba ya mtaani kwako sehemu ya watoto. Holzhauer mwenyewe alisema alijiandaa kwa vitabu vya watoto, kwa sababu vinaeleza jambo kwa ufupi na picha zake zinaganda kichwani. Na ukiwa na matumaini kwamba Afrika itakubeba, ipunguze kidogo. Wakiuliza mlima mrefu kuliko yote barani, wote watatu wanaujua Kilimanjaro. Kiswahili chao ni kilekile kila mwaka: Kwanzaa iliyoanzishwa 1966, ule mchezo wa vibao uitwao Jenga, safari, simba. Dodoma ndiyo itakayokufaa, kwa kuwa wapo ambao bado husema Dar es Salaam.

Mume wako naye ajibiwe. Kwa upande wa mchezo, hulipi kiingilio na hakuna senti yako inayoweza kupotea mezani. Unachoweka ni alama za mechi hiyohiyo. Nauli ya Los Angeles na hoteli kwa mechi ya kwanza ni juu yako, na hiyo ni gharama kama ya safari nyingine yoyote. Lakini hukumu ya dini si fani yangu, na nisingependa uitegemee kauli ya mtu wa chemsha bongo. Mwendeeni shekhe wenu ana kwa ana, mmweleze hasa utaratibu ulivyo, ikiwemo kwamba wa pili na wa tatu nao hulipwa.

Mtu mwingine wa kumwona ana kwa ana ni mhasibu anayejua kodi za majimbo mawili. Ushindi unahesabiwa kuwa kipato, serikali kuu inataka fungu lake, na California, ambako kipindi hurekodiwa, nayo hukata lake kwa asiye mkazi. Mwone kabla hujaahidi kumjengea mtu nyumba Tanga. Na kama moyo unakwenda mbio kila ukishika kitufe, au mikono inatetemeka na usingizi hauji siku kadhaa kabla ya Jumamosi, usilichukulie kuwa woga wa kawaida tu. Zungumza na daktari wako, kama ambavyo ungemwambia mgonjwa wako. Ukiwa na tatizo la macho, masikio au kusimama muda mrefu, waandikie wahusika wa washiriki mapema, kwa sababu wao hupanga mahitaji hayo kabla ya siku ya kurekodi.

Ukitaka kitufe cha kweli mtaani kwako, uliza shule ya sekondari iliyo karibu kama ina klabu ya quiz bowl. Minnesota wanaipenda. Mara nyingi wanatafuta watu wazima wa kujitolea kusoma maswali, na kusoma maswali kutakufundisha sentensi zinaishia wapi kuliko kuyajibu.

Jina lako linaweza kukaa kwenye orodha hadi miaka miwili, na wapo wasioitwa kabisa. Wakikuita, beba nguo za kubadilisha, kwa kuwa hurekodi mechi tano kwa siku na mshindi hubadilisha nguo akarudi jukwaani baada ya muda mfupi tu. Kabla ya dokezo la mwisho kuna mapumziko, na utapewa karatasi na kalamu ya kufanyia hesabu. Andika namba zote tatu, ya kwako iwe katikati, na usiandike dau mpaka umeshajua la kinara.